Nilivyofundisha Maneno ya Kupinga Nikiwa na Fimbo Mkononi

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezisikia. Nimeziweka pembeni kwanza. Nitaziitikia nikishapoa, maana leo nimeamka na hasira, na hasira yenyewe haijanywa hata chai.

Juzi nilikwenda mjini hapa Mbinga kutoa kopi ya kadi yangu ya bima. Kwenye meza ya duka la stesheneri nikakuta vijitabu vimepangwa kama mikate, jalada la njano, herufi kubwa: MANENO MAZITO YA KUFAULIA.

"Hiki nini?" nikamuuliza kijana wa duka, ingawa nilikuwa nakijua.

"Msamiati huo, Mwalimu. Ni wa wale wanaofanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda kusoma nje. Ukikariri hicho, umemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Umefaulu."

"Wewe umekikariri?"

"Mimi natoa kopi tu, Mwalimu."

Ebo! Anatoa kopi tu! Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona orodha imenyooka kuanzia juu hadi chini, kila neno refu kama treni, pembeni maana yake kwa neno moja la Kiswahili, basi. Neno halina mfano, halina sentensi, wala hujui linatumika wapi na nani. Ni sawa na kumpa mtu majina ya wanakijiji wote wa Mkumbi halafu umwambie sasa unawajua watu wa Mkumbi. Niligomba pale dukani mpaka mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akahamia duka la jirani.

Kwa wasionijua: mimi nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na zaidi, milimani kwenye kahawa na chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwetu ni Mkumbi, nimezaliwa kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni. Wanafunzi walinipa jina la Mwalimu Hauweva, kwa kuwa nililipenda neno *however* kuliko watu wengine wanavyopenda nyama. Nililichora ubaoni kwa chaki nyekundu. Niliwaambia, hili ndilo neno la mtu anayefikiri: amesikia upande wa kwanza, amekubali kidogo, sasa anageuka. Maneno matamu hayo! Kumbukeni kwamba nilikuwa nayasema nikiwa na fimbo mkononi. Nitarudi kwenye fimbo.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, alinijia binti anaitwa Edina. Kwao ni ufukweni, upande wa Liuli. Kazi yake ni kuandika takwimu za samaki mwaloni: mitumbwi ikiingia yeye yupo na mizani na daftari, usipa, wale dagaa wa ziwani, kiasi gani, mbasa kiasi gani, nyavu za aina gani. Alikuwa amepata ufadhili wa kwenda nje kusomea mambo ya maziwa makubwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa cheti cha Kiingereza. Mtihani alishaufanya mara mbili. Kusoma alifaulu, kusikiliza alifaulu. Kuandika na kuzungumza vikamwangusha mara zote mbili. Chuo kikamwambia kitamsubiri mpaka mwisho wa Oktoba, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu," akapiga goti. "Mama kasema nije kwako. Kasema Kiingereza unakijua."

Nikaitikia marahaba kwa mbwembwe zote, kichwa kikavimba. Na mama huyo ni nani, sikuuliza. Kumbukeni na hilo.

Akanipa insha aliyoandika ya kujipima. Swali lilihusu uvuvi, tena uvuvi ndiyo kazi yake ya kila siku! Nikasoma. Nikiwatafsiria, ilianza hivi: "Katika zama hizi za kisasa zilizosheheni wingi uliokithiri wa maelfu ya changamoto lukuki zisizohesabika, ni jambo lisilopingika hata kidogo kwamba…" Nikageuza ukurasa kumtafuta samaki. Hakuna samaki. Nilipomuona samaki wa kwanza nilikuwa karibu na mwisho, naye amefungwa kamba za vivumishi mikono na miguu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa unafanya mtihani au unapamba harusi?"

Akacheka, halafu macho yakalengalenga. Akatoa kwenye mkoba kile kijitabu cha njano. Alikuwa amekikariri chote. Chote, vijana! Akaniambia anakisoma mwaloni akisubiri mitumbwi. Binti mwenye akili ya kuhesabu samaki wa ziwa zima kapewa makapi ayale, na aliyempa anaitwa mwalimu wa mafunzo ya mtihani, ana bango na picha yake amevaa tai. Hapo ndipo hasira yangu ya mwaka mzima ilipoanzia.

Siku hiyo nilikuwa na ndoo ya kahawa mbivu uani. Mliokulia milimani mnajua: kabla ya kumenya unamimina maji, zile tupu na zilizoliwa na wadudu zinaelea, unaziengua. Nikamwambia, tazama hii ndoo. Sasa chukua kalamu, kila neno zito ulitupe majini. Liulize: wewe ukitoka hapa, maana inapungua? Kama haipungui, linaelea, engua. Tuliengua mpaka jua likahama barazani. Karatasi mbili zikabaki nusu karatasi.

"Mwalimu, imebaki fupi," akasema kwa huzuni.

"Imebaki kahawa," nikamjibu.

Msinielewe vibaya. Sisemi maneno ya kitaaluma hayana kazi. Thubutu! Yana kazi, tena kubwa. Huwezi kwenda chuoni kuandika kila kitu *good* na *bad* na *many things*. Ninachokataa ni kuyabeba bila kuyajua. Aliyenifundisha hilo ni Mwalimu Gaudensi, mzee aliyenipokea kazini Litumbandyosi nikiwa bado nina suruali moja ya kazini. Alikuwa na kopo la kakao lililojaa vikadi alivyokata kwenye maboksi ya sabuni. Kila kadi ilikuwa na neno moja, na chini yake ndugu zake, yaani maneno linayotembea nayo. Alikuwa akisema, Kiswahili unawasha moto, unateka maji, unakata tiketi. Ukisema unapika moto, watu watakuelewa lakini watajua ulipotoka. Na Kiingereza ni hivyo hivyo. Neno *evidence* lina marafiki zake, ushahidi hauendi na kitenzi chochote utakachookota njiani. Jifunze neno pamoja na wenzake, siku ile ile.

Nyuma ya kadi unaandika sentensi yako mwenyewe. Na hapo Gaudensi alikuwa mkali kama pilipili: sentensi lazima iwe ya kweli, tena ya kwenu. "Usiandike habari za theluji," alikuwa akisema. "Andika kitu ambacho bibi yako akitafsiriwa atasema ndiyo, ni kweli. Sentensi ya uongo inafundisha uongo mara mbili." Nilimuitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Kopo akanirithisha, masharti yake nikayasahau.

Basi Edina akaanza kuja kila Jumamosi, anapanda gari kutoka ziwani asubuhi, ananiletea usipa wakavu kwenye mfuko. Tukatengeneza kadi. Neno la kushuka kwa kiasi, akaandika habari za mbasa waliokuwa wakipatikana zamani. Neno la kutofautiana, akalinganisha nyavu mbili. Tulipofika kwenye maneno ya tahadhari, yale ya kusema jambo bila kuliapia, nilidhani patakuwa pagumu. Wapi! Watu wa ziwani wanajua tahadhari kuliko maprofesa. Muulize mvuvi kama kesho kutakuwa na usipa, hatasema ndiyo. Atasema huenda, mwezi ukiwa umefichika, kwa kawaida huwa wanakuja kwenye taa. Nikamwambia Edina, hicho ndicho kinachotakiwa chuoni, *may*, *tends to*, *usually*. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe wajomba zangu wote ni wasomi!"

Ule ufundi mwingine nausema haraka kwa sababu mnaupenda kuliko ninavyoupenda mimi. Simu. Sikuitaka, nikaikubali. Anarekodi sauti yake akieleza daftari la samaki kwa Kiingereza dakika mbili, halafu anajisikiliza mwaloni badala ya kukariri kile cha njano. Unayemsikia akikwama ni wewe mwenyewe, na pale unapokwama ndipo pa kutengenezea kadi. Usijaze kadi mia kwa siku kama unamwaga mahindi. Saba zinatosha, ukizitumia kabla ya Jumamosi.

Mpaka Agosti binti alikuwa ameiva. Maneno anayo, ndugu zake anawajua, sentensi zimenyooka. Nikampa swali la kweli la mtihani: wengine wanasema uvuvi ufungwe kwa muda kila mwaka, wengine wanasema usifungwe, wewe unakubaliana na nani? Akaandika vizuri mno. Upande wa kwanza, ukurasa safi. Upande wa pili, ukurasa safi. Mwishoni akaandika kwamba pande zote mbili zina hoja za kuheshimiwa na kwamba wadau wote wanastahili pongezi.

"Edina, hiki ni kikao cha kijiji? Bado kufunga kwa sala tu. Wewe unasemaje?"

"Mimi?" Akatazama sakafu. "Kama utakavyoona, Mwalimu."

"Aliyeulizwa ni wewe, siyo mimi!"

"Ndiyo, Mwalimu."

Hapo nikaelewa kilichomwangusha mara mbili. Kijitabu cha njano kilikuwa kosa dogo. Mtihani ule unamtaka mtu asimame aseme mimi sikubali, na sababu zangu hizi hapa. Kwenye mazungumzo unakaa na mtahini uso kwa uso, mtu mzima, mgeni. Anakuuliza maoni, na ukitoa maoni anakupinga makusudi aone kama utasimama. Edina akipingwa alikuwa anasema *yes, sir*. Anaacha hoja yake mezani anaondoka.

Nikasema hili nitalitibu. Kila Jumamosi nitasema jambo la uongo kwa Kiingereza, yeye anipinge. Nikaanza na kahawa. Nikasema kahawa ya Mbinga ni mbovu kuliko zote duniani. Akasema inawezekana. Nikasema Ziwa Nyasa ni dimbwi lililochimbwa na watu wa barabara. Ziwa, vijana! Mtu amezaliwa juu yake! Akapinda shingo, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Nilikuwa sijui hilo, Mwalimu."

Nikapiga meza. "Yesu na Maria! Nani kakulea hivi? Nani kakufundisha kwamba mwalimu akisema uongo unamwitikia?"

Akaweka kalamu chini. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mama. Mama anasema yeye alimpinga mwalimu mara moja tu maishani."

"Mwalimu gani?"

Akaanza kupanga kadi. Mimi na ubishi wangu, na kichwa changu kigumu kama mbegu ya embe, nikamwambia, "Basi nieleze kwa Kiingereza! Mwanzo mpaka mwisho, na uunganishe sentensi zako."

Akaninyooshea macho. Mara ya kwanza tangu aje. Akaeleza.

Alieleza kwamba mama yake anaitwa Dorika, na kwamba alikuwa kidato cha pili kwenye shule moja ya ufukweni. Siku moja mwalimu wa Kiingereza, mtu wa milimani, alikuwa anafundisha neno *therefore*. Akaandika ubaoni mfano wake: usipa wanaishi chini kabisa ya ziwa, kwa hiyo wavuvi wanahitaji kamba ndefu. Dorika akanyoosha mkono, akasimama. Ingawa alikuwa anaogopa, alisema kwa Kiingereza kwamba hivyo sivyo. Usipa hawaishi chini. Wanaishi katikati, wanapanda kwenye taa, baba yake huwachota karibu na juu. Chini kabisa, akasema, hakuna kitu. Darasa likacheka. Kwa sababu hiyo mwalimu akakasirika. Akamchapa viboko vinne mbele ya wenzake, akampa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima. Tangu siku hiyo Dorika hakufungua tena mdomo kwenye Kiingereza. Kidato cha nne Kiingereza kikamwangusha, shule ikaishia hapo.

"However," Edina akasema, na sauti yake haikutetemeka, "mama yangu alikuwa sahihi. Kwa kazi yangu nimesoma vipimo vya maji. Kule chini kabisa hakuna hewa. Samaki hawezi kuishi. Chini kabisa hakuna kitu."

Halafu akasema lile nililokuwa nalisubiri tangu nianze kumwambia uongo. "I disagree with you, Mwalimu. Ulikosea kuhusu samaki, na ulikosea kumchapa."

Niliikumbuka ile siku, vijana. Wala msidhani nilikuwa nimeisahau. Nilikumbuka hata sketi yake, ilikuwa na kiraka cha rangi nyingine nyuma. Nilikuwa mgeni ziwani, mtoto wa kahawa, usipa nawajua kwenye sahani tu. Nilikasirika kwa kuwa alikuwa sahihi na darasa zima lilijua. Na mwaka ule wote hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia Kiingereza kizuri kama kile: alikataa, akatoa sababu, akaleta ushahidi wa baba yake. Ndicho nilichokuwa nalipwa mshahara kukifundisha! Kikaja chenyewe, kimesimama kwa miguu yake, nikakichapa viboko vinne.

Nyani haoni kundule. Mimi niliyepiga kelele dukani kwa ajili ya kijitabu cha njano, je, Edina alipata wapi ule uoga kama siyo kwangu? Nilimfundisha mama, mama akamfundisha mtoto. Kijitabu kile kinauzika kwa sababu sisi walimu tuliwafanya watu waamini kwamba Kiingereza cha kisomi ni cha kutamka, wala siyo cha kusemea unachokijua. Mtu asiyeruhusiwa kusema hapana atajaza karatasi kwa kitu gani, kama siyo kwa mapambo?

Mwisho wa masimulizi yale niliweza kusema neno moja tu kwa Edina. Nikamwambia, "Hivyo hivyo. Kwa mtahini useme hivyo hivyo."

Akafuta uso kwa kanga. "Nimekukosea adabu, Mwalimu."

"Umenipa adabu," nikasema.

Jumamosi zilizobaki zilikuwa vita. Nilisema uongo wa kila aina, naye akanikata kama mtu anayepogoa mibuni. Aliandika insha ya kufunga uvuvi akasema wazi ufungwe, akaonyesha wapi na kwa nini, akakubali ugumu wa familia za wavuvi, akarudi kwenye msimamo wake. Maneno ya kijitabu cha njano yaliyobaki humo yalikuwa manne, na kila moja lilikuwa na kazi. Mwishoni mwa Septemba alikwenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Swali lenyewe likahusu magari ya mijini, jambo lisilomhusu ndewe wala sikio. Aliniambia mtahini alimpinga mara tatu, na mara ya tatu akamjibu, samahani bwana, bado sijashawishika.

Majibu yalikuja kabla chuo hakijafunga mlango. Nilikuwa naanika kahawa simu ilipolia. "Mwalimu, nimepita! Kuandika na kuzungumza, vyote!" Nilipiga vigelegele, mwanaume mzima, majirani wakadhani kuna mjukuu kazaliwa.

Sasa nimepoa. Marahaba, vijana, marahaba wote. Hasira imeisha, imebaki aibu, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa kuwaandikia.

Maana tangu Agosti nilikuwa nimejiapiza kwenda kwa Dorika kumwomba radhi, na sikwenda. Nilisingizia magoti. Nilisingizia kahawa. Mtu wa miaka sabini na kitu, nilimwogopa mwanafunzi wa kidato cha pili. Edina alipoaga ndipo nikakosa pa kujificha: ndugu walikusanyika kumwombea safari, na mimi nikaalikwa kama mgeni wa heshima. Wa heshima, mnasikia? Nikapanda gari, tukateremka milima ile na kona zake mpaka ziwa likatokea mbele, na njia nzima nakariri maneno ya radhi utadhani mimi ndiye ninayekwenda kufanya mtihani.

Nilimkuta Dorika kwenye vichanja vyake anageuza usipa na wanawake wengine wanne. Vichanja ni vyake, na mtumbwi wa injini uliovutwa mchangani pale pembeni ni wake pia. Amenenepa, nywele zina mvi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akapiga goti lile lile la mwanawe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Dorika, usiniamkie kwanza," nikasema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Ulisema kweli, nikakuchapa. Nilikuharibia maisha."

Wanawake wakaacha kugeuza samaki. Dorika akasimama wima. Halafu akasema kwa Kiingereza, kimepata kutu lakini kilisikika mpaka kwenye mitumbwi, "No, sir. I do not agree."

Nawaambieni ukweli, mkono wangu wa kulia, ule wa fimbo, ulishtuka wenyewe. Nikaushika kwa wa kushoto. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza darasani miaka yote ile iliyopita. "Kwa nini, Dorika?"

"Kwa sababu maisha nimeyajenga mwenyewe, haya hapa unayaona." Akanyoosha mkono kwenye vichanja, kwenye mtumbwi, kwa Edina aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo zake za safari. "Ulichoharibu ni Kiingereza changu. Cha mwanangu umekitengeneza, na ndiyo maana nilimtuma kwako, nilijua unakijua. Changu je, Mwalimu?"

Nikafungua mkoba. Kopo la kakao la Mwalimu Gaudensi nilikuwa nimelileta nimpe Edina aondoke nalo. Nikalifungua, nikatoa kadi tupu na kalamu, nikampa mama yake.

"Tuanze na hii," nikamwambia. "Usipa wanaishi wapi?"